Vifaranga vya Sato Kwenye Matete

Msimu wa pamba, Nyanjige alikwenda shambani na baba yake, Mashimba, kila alipotoka shule. Shamba lao la Kalemela lilikuwa karibu na ziwa. Baba alipulizia dawa ya wadudu kwa bomba la mgongoni. Nyanjige alichota maji.

Jioni moja baba alisema, "Kalisuuze bomba. Maji yake uyamwage humu humu shambani, sawa?"

"Sawa, baba."

Lakini ndoo ilikuwa tupu, naye alikuwa amechoka. Alishuka hadi kwenye matete, akalizamisha bomba ziwani, akalitikisa mara tatu. Povu jeupe likaelea, kisha likapotea.

Asubuhi aliamshwa na kelele, akakimbilia ziwani. Kwenye matete vifaranga vya samaki aina ya sato vilielea, matumbo juu. Watu walikuwa wamemzunguka Mayala, mvuvi anayefunga mtumbwi wake hapo, ambaye ndiye aliyemfundisha Nyanjige kuogelea.

"Kumbe unavua kwa sumu!" mwanamume mmoja alifoka. "Ndiyo maana unatucheka tukirudi mikono mitupu!"

"Mnarudi mikono mitupu kwa sababu mnasinzia mtumbwini," Mayala alijibu. "Mimi sijatia sumu."

Mama Benedikta, mwenyekiti wa kamati ya ufukwe, alikuwa ameshika nyavu za Mayala. "Mayala, kanuni unaijua. Anayevua kwa sumu anaondoka ufukweni kwetu."

Mayala aliinama, akaanza kufungua kamba ya mtumbwi.

Nyanjige alijipenyeza katikati ya watu. "Ni mimi," alisema.

"Sema tena, mwanangu," Mama Benedikta alimwambia, akimsogelea.

"Nilisuuza bomba la dawa hapa jana. Baba aliniambia maji yake niyamwage shambani." Machozi yakamtoka.

Mashimba, aliyekuwa amemfuata bintiye, alivua kofia. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Dawa si kazi ya mtoto. Nilipaswa kulisuuza mwenyewe. Mayala, ndugu yangu, utusamehe."

Mama Benedikta alimrudishia Mayala nyavu zake mbele ya wote, kisha akawatangazia watu wasichote maji hapo wala wasiwaokote samaki wale. Siku hiyo hiyo kamati ilikubaliana kwamba hakuna bomba la dawa litakaloshushwa ziwani.

Nyanjige alikuwa bado analia. Mayala aliketi mchangani kando yake.

"Utanichukia?" Nyanjige aliuliza.

"Nikuchukie, halafu nani atanitania kwamba naogelea kama ng'ombe?"

Nyanjige akacheka huku akifuta makamasi.

"Sikiliza, binti yangu," Mayala alisema. "Sato huwalea watoto wao kwenye matete haya, na maji haya haya ndiyo tunayokunywa. Ukiliumiza ziwa, sema upesi. Ungenyamaza, mimi ningeondoka, na jioni bomba lingerudi hapa."