Usukani Haukuambii Upande

Jumatatu asubuhi Mukantabana alikuwa akichambua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nyuma ya nyumba yao, Kamembe, Rwanda. Mume wake, Munyemana, alikuwa akiosha gari. Simu ikalia. Ni binti yao, Umurerwa, aliyeolewa Ngara, upande wa Tanzania. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki sita kabla.

"Maman, daktari ameniruhusu kusafiri," alisema. "Mume wangu yuko mbali kikazi. Niko peke yangu na mtoto. Mje mnichukue."

"Alhamisi tunatoka," Munyemana, aliyekuwa akisikia, akajibu.

Mukantabana alipokata simu, alimtazama mumewe. "Kule magari yanapita kushoto."

"Nani amekuambia?"

"Kanisani."

"Kanisani ndiko wanafundisha udereva?" Munyemana alikulia Bukavu, Congo, na aliendesha huko miaka kumi na miwili. "Gari langu la Bukavu lilikuwa na usukani kuume. Lilitoka Tanzania. Na tulipita kuume, kama hapa. Sasa kushoto inatoka wapi?"

Mukantabana aliweka samaki chini. Gari la Tanzania, lakini barabara kuume. Alimpigia kaka yake.

"Mufuate tu gari la mbele," kaka akasema.

"Na kama mbele hakuna gari?"

Mukantabana akazidi kuchanganyikiwa.

Jioni alimwita jirani yao, Twagirayezu, dereva wa lori anayekwenda Tanzania kila mwezi. Twagirayezu aliwasikiliza wote wawili, kisha akacheka, akamgeukia Munyemana.

"Papa Umurerwa, gari huuzwa popote. Sheria haiuzwi pamoja nalo. Upande wa kupita unaamuliwa na nchi, si na usukani. Rwanda, Burundi na Congo, kuume. Tanzania, Uganda na Kenya, kushoto."

"Hata kama usukani wangu uko kushoto?"

"Hata kama."

"Basi nitakaa kwenye mfereji."

"Utakaa karibu na mfereji, ndiyo. Ukiwa nyuma ya lori, hutaona mbele. Kwa hiyo usilipite. Kula vumbi, ufike."

Twagirayezu aliweka sufuria katikati ya meza. "Huu ni mzunguko wa barabara. Uko Tanzania. Ingia." Akampa Munyemana kikombe.

Munyemana alikisukuma kuume. Kikombe cha Twagirayezu kilitoka upande wa pili, vikagongana.

"Nani alikuwa kiti cha nyuma?" Twagirayezu akauliza.

"Umurerwa na mtoto," Mukantabana akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Munyemana alirudia. Akaingia kushoto, akangoja kikombe kilichotoka kuume kwake kipite, ndipo akazunguka. Alirudia mara nne.

"Sasa sikia," Twagirayezu akasema. "Usiogope sana barabara yenye magari. Ogopa iliyo tupu. Ogopa unapotoka kituo cha mafuta. Hapo mkono unafanya mazoea yake. Maman Umurerwa, kaa mbele. Ukiona amekosea, sema neno moja tu: kushoto. Usimpigie kelele."

"Na karatasi?" Mukantabana akauliza.

"Leseni, pasi, kadi ya gari na bima inayofika Tanzania, ile ya kadi ya njano. Uliza kampuni ya bima kesho, si mpakani. Vijijini usizidi hamsini. Na mlale Kirehe, kabla ya mpaka, mvuke Rusumo asubuhi."

Walifanya hivyo. Ijumaa walivuka, wakaenda kushoto polepole. Pikipiki zilikuwa zikiwapita. Munyemana alisema anajisikia kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Walifika Ngara salama.

Jumamosi walianza safari ya kurudi. Umurerwa na mtoto walikaa nyuma. Munyemana alijaza mafuta, akatoka kituoni. Barabara ilikuwa tupu. Akashika kuume.

"Kushoto," Mukantabana akasema.

Munyemana alihamia kushoto. Papo hapo basi likatokea juu ya kilima na kushuka kwa kasi, likapita pale pale walipokuwa. Gari lao lilitikisika.

Baada ya mpaka wa Rusumo, wakiwa tena Rwanda, Munyemana alitoka nje ya barabara, akasimama.

"Papa, kuna nini?" Umurerwa akauliza.

"Gari limevuka. Nangoja kichwa kivuke pia."

Mtoto alinyonya mpaka akashiba. Mukantabana alifungua mdomo ili aseme neno lake.

"Kuume," Munyemana akamwahi, na akawasha gari.