Makaa Yaliyokula Sumu

Kila alfajiri Nelima aliteka maji kwenye kisima alichochimba mumewe, Mukhisa, walipohamia Tuwan, Kitale. Maji yalikuwa baridi na maangavu.

Siku moja Jepkorir, afisa wa maji, alileta majibu ya vipimo. Maji yalikuwa na risasi, madini yanayotumika kwenye betri za gari. Miaka mingi fundi mmoja alivunja betri kuukuu nyuma ya ua wao, udongo ukanywa sumu, nayo ikafika kisimani.

Binti wa Nelima, Jentrix, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa njiani kutoka Chwele, aje kujifungulia kwao.

"Nitachemsha mara mbili," Nelima alisema.

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu," Jepkorir akamjibu. "Risasi haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Nayo inadhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni."

Wiki tatu Mukhisa alibeba mitungi kwa baiskeli kutoka mfereji wa kanisa, akinung'unika ati kisima kimemwaibisha. Kisha Jepkorir akawaletea makaa ya kuchujia yaliyotengenezwa na kikundi chake. Aliwaeleza kwamba magunzi ya mahindi huchomwa ndani ya pipa lililofunikwa, hewa ikiwa kidogo, yasigeuke majivu. Makaa hayo husagwa, hulowekwa katika maji yenye chumvi ya chuma, si ile ya kula, huoshwa na kukaushwa. Risasi ikipita hapo, hunaswa. Walijaza ndoo, wakachuja, maji yakapimwa tena. Yalikuwa salama.

Baada ya miezi miwili makaa yalibadilishwa. Jepkorir aliagiza yale ya zamani yafungiwe kwenye ndoo hadi atakapoyachukua. Lakini Nelima hakuwa amewahi kutupa makaa maishani mwake. Aliyachanganya na udongo, akafinyanga mipira, akaianika, akaipanga kwenye jiko achomee Jentrix mahindi.

Mukhisa akamshika mkono wenye kiberiti.

"Mama Jentrix, unataka kumlisha mjukuu betri?"

"Makaa ni makaa, bana."

"Haya yamekula sumu ili sisi tusiile. Ukiyachoma, itarudi kwa moshi na majivu."

Nelima alimtazama binti yake. Akairudisha mipira yote ndooni, akafunika, akanawa hadi viwiko.

Jentrix alijifungua msichana mwenye sauti kubwa. Kliniki walimpima damu, wakasema yuko sawa. Jirani yao Phanice alipokuja kumwona mtoto, alichungulia ile ndoo, akaomba mipira ya makaa akapikie.

Nelima akamwekea mtoto mikononi. "Shika huyu kwanza," alisema, "nikueleze kwa nini sikupi."