Taa za Ziwa na Mikono ya Chumvi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kaneza alimsaidia mama yake kutia chumvi samaki, migebuka, pale ufukweni Ujiji. Mama anapasua, yeye anasugua chumvi kwa viganja, kisha wanaanika kwenye chanja. Wakimaliza anasuuza mikono ziwani haraka haraka, anatupia begi mgongoni, mbio mpaka darasa la sita.

"Mkimbizi wa migebuka kafika," Swaibu wa darasa lake alikuwa akisema kila siku, akijiziba pua.

"Na jana usiku kwenu mlikula nini?" Kaneza alimjibu.

Kwao Swaibu walikula migebuka, na kila mtu darasani alijua.

Kaneza na mama yake walikuwa wamevuka ziwa kutoka Burundi mwaka uliopita, wakafikia kwa mama mkubwa aliyeolewa Ujiji zamani. Turubai la bluu walilolala chini yake wiki za mwanzo, Kaneza alilikata umbo la Ziwa Tanganyika. Hiyo ilikuwa kazi yake kwenye klabu ya Mwalimu Verediana, dada aliyetoka chuo juzi tu na kuja na kibao cha kompyuta kidogo kama biskuti. Wanafunzi walikiita ubongo. Unaunganisha nyaya, unauchapia maagizo, nao unawasha taa mtu akigusa. Shule nzima ulikuwepo mmoja.

Basi Kaneza alipanga taa ndogo ishirini juu ya turubai, kila moja ndani ya kizibo cha soda, kama taa za wavuvi wa dagaa. Upande wa Burundi aliweka sahani ya bati, upande wa Ujiji nyingine. Watu wawili wakigusa kila mmoja sahani yake na kushikana mikono, taa zinatakiwa kuwaka moja moja, kutoka ng'ambo mpaka huku. Alipojaribu mwenyewe, kiganja huku na kiganja kule, ziliwaka kila mara.

Alhamisi, mwalimu mkuu, Mwalimu Oswald, alikuja kukagua. Akagusa sahani moja, Swaibu akagusa nyingine, wakashikana mikono. Giza. Wakabadilishana. Giza vilevile.

"Imezoea harufu ya mwenyewe," Swaibu akasema, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Oswald hakucheka. "Kesho saa nne wageni kutoka ofisi ya elimu wanafika. Ikigoma tena mbele yao, ubongo unahamia kundi la Swaibu."

Jioni Kaneza alibaki na rafiki yake Hidaya. Alikaza kila waya. Akabadilisha namba kwenye maagizo ili ubongo usikie hata mguso mdogo, taa zikaanza kuwaka zenyewe bila mtu. Akairudisha namba.

"Tufiche swichi chini ya meza," Hidaya akanong'ona. "Wakishikana tu, mimi nabonyeza. Nani ataona?"

"Sibonyezewi. Tangu nifike hapa naambiwa wakimbizi waongo. Nikawape sababu mimi mwenyewe?"

Mama akatokea mlangoni, katoka kazini moja kwa moja, mikono bado ina chumvi. "Mwana wanje, mwanangu, samaki ataanua nani?"

"Mama, shika hapo kidogo. Hidaya, wewe shika pale. Shikaneni mikono."

Taa tatu zikawaka, zikasita, zikazima. Kaneza akaikodolea macho mikono ya mama yake. Akakimbilia bombani, akanawa yake kwa sabuni, akaikausha kwa sketi, akagusa sahani zote mbili. Giza. Akaomba chumvi kidogo iliyofungwa kwenye kanga ya mama, akaikoroga kwenye kikombe cha maji, akalowesha viganja, akagusa tena. Taa zote ishirini zikawaka.

"Mikono mikavu haipitishi umeme vizuri," alisema taratibu. "Maji ya chumvi yanapitisha. Mimi nilikuwa najaribu na mikono ya migebuka."

Ijumaa, wageni wakamkuta amesimama kando ya turubai na birika, beseni na taulo.

"Kaneza, hii ni kompyuta, siyo pilau," Mwalimu Oswald akasema kwa sauti ya chini. "Ondoa beseni."

"Samahani, mwalimu. Beseni likiondoka, na mimi naondoka nalo."

Afisa elimu, mama mnene mwenye miwani, alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. "Nimwagie, mwanangu. Na wewe kijana uliyejiziba pua, njoo tunawe wote."

Swaibu akaja, hana pa kukimbilia. Kaneza akammwagia maji ya chumvi polepole, mpaka kwenye vifundo vya mikono. Wakagusa, wakashikana. Taa ya kwanza ikawaka ufukwe wa Burundi, ikafuata ya pili, ya tatu, mpaka ya ishirini ikawaka Ujiji. Hakuna aliyecheka.

"Jana iligoma," Kaneza akawaambia wageni, na akawaeleza yote, hata namba aliyoikosea na swichi aliyoikataa.

Mwalimu Oswald akakohoa. "Ubongo unabaki hapo ulipo."

Mwalimu Verediana akawageukia wanafunzi. "Mmesikia? Kifaa kikikataa kuna kitu kinakwambia. Angeficha kosa kwa swichi, leo tungepiga makofi na tusingejifunza lolote. Alikubali kwamba kimemshinda, akakiuliza tena. Ukweli ndio uliomwonyesha kosa, na kazi ya mikono yake ndiyo iliyomwonyesha jibu."

Foleni ya kunawa ilifika mpaka uwanjani. Maji yalipokwisha, Swaibu alilichukua birika bila kuambiwa.

"Chumvi vijiko vingapi?" akauliza.

"Vitatu," Kaneza akasema. "Na usijizibe pua, utamwaga."