Weupe Jichoni mwa Kidoti

Mpiga picha na familia yake waliishi ghorofani. Studio yake ilikuwa chini. Kila asubuhi alifagia, akapangusa kamera na kufungulia redio. Wateja wengi walitaka picha za vitambulisho. Wachache walikuja na watoto, na hao ndio waliomtoa jasho.

"Samahani, mtoto wangu hatulii," mama mmoja alimwambia.

"Hata wewe ukimulikwa taa usoni hutatulia," alijibu. Mama yule akacheka, na mtoto akacheka pia. Picha ikatoka nzuri.

Mke wake alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa kwenye pembe ya studio, karibu na dirisha. Alikuwa mjamzito, na tumbo lilishaanza kugusa meza ya cherehani.

Binti yao walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Alishika chochote kilichokuwa karibu: pazia, kiti, hata suruali za wateja.

Mchana mmoja jirani yao aliingia kupiga picha ya kitambulisho. Alikuwa nesi katika kliniki ya macho ya hospitali kuu.

"Kaa kidogo, dada," mpiga picha alimwambia. "Namalizia picha ya huyu mkorofi wangu."

Nesi akatazama kompyuta. Kidoti alikuwa akicheka pichani. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa nyekundu, kama macho ya watu wengi yanapomulikwa na kamera. Mboni ya kushoto ilikuwa nyeupe. Mpiga picha akazipaka zote mbili rangi nyeusi.

"Umefanya nini hapo, shemeji?"

"Nimerekebisha. Mwanga wa kamera huharibu macho kwenye picha."

"Hebu rudisha ulichofuta."

Akarudisha. Nesi akasogea karibu zaidi. "Weupe huu umetokea mara hii tu?"

Mpiga picha akafikiri. "Hapana. Hutokea. Mimi huufuta tu."

"Jicho lile lile?"

"Lile lile."

Cherehani ikanyamaza. "Mimi nimeliona hata bila kamera," mke alisema. "Jioni, chini ya taa, linawaka kama la paka. Mama mkwe alisema ni uzuri wake."

Nesi akamchukua Kidoti, akampakata na kumgeukia mke. "Mdogo wangu, sitaki kuwatisha, lakini sitawaficha pia. Weupe ndani ya mboni unaweza kuwa na sababu nyingi. Sababu moja ni uvimbe, saratani ya jicho ya watoto wadogo. Daktari ndiye atakayejua. Njooni kliniki kesho asubuhi."

"Kesho nina kazi ya harusi," mpiga picha alisema. "Labda wiki ijayo."

"Harusi itapata mpiga picha mwingine," mke alisema. "Kidoti hatapata jicho lingine."

 Mpiga picha akachukua simu, akampigia mwenzake wa kazi amshikie harusi ile.

Kesho yake daktari alimpa Kidoti dawa ya usingizi ili amchunguze vizuri. Baadaye akawaita wazazi. Ulikuwa uvimbe wa saratani, ndani ya jicho la kushoto. Ulikuwa bado mdogo. Jicho la kulia lilikuwa zima. "Mmewahi," daktari alisema. "Tutajitahidi kuliokoa jicho."

Nje, kwenye benchi, mke alilia. Nesi akaketi kando yake.

"Nilikosea nini nilipokuwa na mimba yake?" mke aliuliza. "Nilishinda nimeinamia cherehani."

"Kosa ni langu," mpiga picha alisema kwa sauti ndogo. "Nimemmulika kwa kamera tangu azaliwe."

"Si cherehani wala si kamera," nesi alisema. "Nisikilizeni. Kila mtu alianza tumboni akiwa seli moja, ndogo mno. Seli hiyo iligawanyika ikawa mbili, zile nazo zikagawanyika, mpaka akawa mtoto. Ndani ya kila seli mna jeni. Jeni ni maelekezo tuliyorithi kwa baba na mama. Na karibu seli zote za mwili zina maelekezo yale yale."

"Kama ni yale yale, inakuwaje hii iwe jicho na ile iwe kisigino?" mpiga picha aliuliza.

"Hapo ndipo penyewe. Mna vidhibiti vya jeni. Kazi yake ni kuwasha jeni hii na kuzima ile. Kwenye jicho huwasha zinazotengeneza jicho, nyingine zikae kimya. Ndiyo maana hatuoti meno kisiginoni."

Mke alicheka huku machozi yakimtiririka.

"Huyu aliye tumboni," nesi aliendelea, "viganja vyake vilianza vikiwa bapa kama mwiko. Vidhibiti vikaamuru seli za katikati ya vidole zife, vidole vikaachana. Vingine huamuru seli ziongezeke. Vingine huziambia, basi, inatosha."

"Na Kidoti?" mke aliuliza.

"Jicho la mtoto likiwa linajengwa, seli zake huongezeka haraka. Kisha hupata amri ya kukoma. Katika seli moja ya Kidoti, kidhibiti cha kutoa amri hiyo kiliharibika. Seli ikazidi kugawanyika bila kukoma. Hiyo ndiyo saratani."

"Nani alikiharibu?"

"Hakuna. Seli ikigawanyika hunakili maelekezo yake, na mara nyingine hukosea. Kwa watoto wengine hitilafu hurithiwa. Ndiyo maana nanyi mtapimwa macho, na damu ya Kidoti itapimwa. Mdogo wake naye ataangaliwa mapema akizaliwa."

"Kwa hiyo si mkosi," mke alisema.

"Si mkosi, wala haiambukizi. Mbusuni mtakavyo."

Matibabu yakaanza. Kidoti aliwekewa dripu ya dawa ya saratani. Alitapika, na nywele zikanyonyoka. Mpiga picha, ambaye kichwa chake kilikuwa na upara, akamweka mbele ya kioo. "Sasa hakuna atakayesema hatufanani," alisema.

Mama yake mpiga picha alitaka kumtilia Kidoti jichoni maji ya majani. "Mama, uvimbe uko ndani kabisa, nyuma," mwanawe alimwambia. "Majani hayafiki huko, na yanaweza kumdhuru." Mama akaelewa. Siku zilizofuata yeye ndiye aliyembeba Kidoti kumpeleka kliniki.

Dawa ilipunguza uvimbe. Kisha daktari akauchoma uliobaki kwa mwanga wa leza. Jicho likapona. Halioni vizuri kama la kulia, lakini linaona. Kidoti bado anarudi kuangaliwa, hakosi hata mara moja.

Mpiga picha naye sasa hukagua macho ya kila mtoto anayempiga picha. Akiona weupe kwenye mboni, haufuti. Huwaonyesha wazazi na kuwaelekeza kliniki.

Mtoto wa pili alizaliwa, mvulana. Vipimo vilionyesha kwamba Kidoti hakurithi hitilafu ile. Hata hivyo daktari alimwangalia mdogo wake macho yote mawili. Yalikuwa safi.

Nyumbani, Kidoti aliinama juu ya kitanda akamkagua mgeni.

"Hana macho," alisema.

"Anayo," mama alimjibu. "Amelala tu."

Kidoti akavuta kiti chake kidogo, akaketi kusubiri ayafungue.