Salamu Kwenye Kanda ya Kheira

Apa hutamwambia mtu, maana hata mimi niliapa. Yalimkuta shoga yangu Kheira, huko Oran, Algeria, siku ya hina. Bangili ya bi harusi ilipotea, na Fatiha, wifi ya bi harusi, akapayuka, "Mwizi ni huyu mwokota kanda kuukuu!"

Macho yote yakamgeukia. Kheira akajitia kucheza kanda yake kwenye redio ya betri, kanda ya mwimbaji aliyesahauliwa, iliyorekodiwa harusini kabla yeye na Fatiha hawajazaliwa. Mara umeme ukakatika. Redio ikaendelea gizani, mpaka mpiga mbiu wa harusi ile akakatiza wimbo kwenye kanda, kama ilivyo ada ya huko, atoe salamu za waliotuza:

"Wimbo huu ni wa Fatiha, anayeficha dhahabu soksini!"

"Mulikeni, jamani!" mgeni mmoja akapaza sauti.

Simu zikamulika. Fatiha alikuwa ameinama, bangili nusu imezama soksini. Kwenye kanda, wageni wa harusi ile ya zamani wakaangua kicheko.