Mteremko Uliokataa Maji

Kila asubuhi Bonareri alitoka kukata majani ya ng'ombe wake. Zamani alijaza mzigo karibu na nyumba. Siku hizi alishuka hadi mtoni, na bado mzigo haukutosha.

Nyumba yake iko karibu na Marani, huko Kisii. Nyuma yake kuna mteremko wa malisho. Miaka ya nyuma majani yalifika magotini. Sasa ardhi ilikuwa tupu, ngumu kama sakafu. Hapa na pale viliota vichaka vya miiba ambavyo ng'ombe hakuvigusa. Maziwa yalipungua hadi kikombe kimoja kwa siku. Kikombe hicho kilikuwa cha mjukuu wake Sheila, mtoto wa miaka miwili.

Mama yake Sheila aliitwa Ndunge. Alikuwa mke wa Nyamweya, mwana wa Bonareri. Ndunge alizaliwa Makueni, kwenye ukame. Ekegusii, lugha ya Wakisii, ilikuwa bado inampiga chenga, kwa hiyo yeye na mama mkwe wake walizungumza Kiswahili.

"Mama," Ndunge alisema siku moja, "mteremko huu umeanza kufanana na kwetu. Tuupumzishe, tuchimbe matuta."

Bonareri akacheka. "Kwenu ni kukavu, mwanangu. Hapa ni Kisii. Mvua ikija, majani yatarudi."

Mvua ilichelewa wiki tatu. Halafu ikaja yote alasiri moja. Maji yalishuka mteremkoni kwa kishindo. Yalifagia mbegu za maharagwe zilizopandwa juzi tu, yakaingia hadi jikoni. Bonareri alisimama mlangoni, Sheila mgongoni, akitazama udongo wake mwekundu ukielekea barabarani. Machozi yakamtoka.

Kesho yake Ndunge alichukua jembe, akamwita. Alichimba mteremkoni. Chini kidogo tu, kina cha kidole kimoja, udongo ulikuwa vumbi.

"Baada ya mvua yote ile?" Bonareri alishangaa.

"Sasa njoo huku." Walikwenda kwenye migomba, mahali palipofunikwa na majani makavu. "Ingiza mkono, Mama."

Mkono ulizama kwenye udongo laini, uliolowa, hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Mvua ni ile ile," Ndunge alisema. "Huku imeingia. Kule imekimbia."

Bonareri akaketi kwenye gogo. "Nieleze."

"Afisa wa kilimo alitufundisha nyumbani. Joto la dunia linapanda, na joto hunyonya maji ya udongo. Mvua inakawia, kisha inapiga kwa nguvu. Kama mbeleni itazidi au itapungua, hata wataalamu hawana hakika kwa kila mahali. Lakini ardhi tupu huumia kwa vyovyote. Mvua ikipungua, inakauka. Ikizidi, inasombwa. Nyasi zikifa, miiba inachukua nafasi. Ukichelewa sana, nyasi hazirudi zenyewe, hata mvua ikiwa nzuri."

"Na kwenu zilirudi?"

Ndunge alipangusa udongo mikononi. "Mahali pengine zilirudi. Pengine tulichelewa."

Jioni hiyo Bonareri alimwendea shemeji yake Ochoki, ambaye ng'ombe wake pia walilishwa mteremkoni, akamwomba waupumzishe. Ochoki alikunja uso. "Nifunge ng'ombe zizini msimu mzima?"

"Misimu miwili," Bonareri alijibu. "Nitakusaidia kukata majani."

Ochoki alinung'unika, lakini akakubali.

Wakaanza kazi. Walipima kwa kamba ili mitaro ikate mteremko bila kupanda wala kushuka. Walichimba wakitupa udongo upande wa juu. Makueni matuta hayo huitwa fanya juu. Juu ya tuta walipanda matete ya kulisha ng'ombe. Kati ya matuta walipanda mbegu za nyasi, wakazifunika kwa majani ya migomba. Nyamweya aling'oa miiba. Mikono ya Bonareri ilitoka malengelenge.

Mvua kubwa iliyofuata ilipopiga, alikimbia nje kutazama. Maji yalishuka hadi kwenye mtaro wa kwanza, yakasimama. Yakatulia pale kama yamealikwa, yakazama taratibu. Jikoni palikuwa pakavu.

"Asante, Mungu wangu," alisema, akacheka peke yake kwenye mvua.

Mwaka uliofuata jua lilikaza mwezi mzima. Majirani walihangaika kutafuta majani, lakini matete ya mteremkoni yalibaki kijani. Ng'ombe akajaza jagi asubuhi na jioni. Sheila alikunywa akashiba, na masalio yakawa ya chai ya watu wote. Ochoki mwenyewe alikuja na jembe begani, akaomba aonyeshwe jinsi ya kupima kwa kamba.

Jumamosi moja, siku yao ya ibada, baada ya kutoka kanisani, Bonareri alimwomba Ndunge ampigie simu mama yake.

"Mama Ndunge," alisema, "shamba langu lilikuwa linaondoka, nami sikuona. Binti yako aliona. Asante kwa kumlea."

Huko Makueni yule mama akajibu, "Nashukuru, dada. Sisi huku bado tunangoja mvua."

Bonareri alifumba macho, simu ikiwa sikioni. Akawaombea watu wa Makueni mvua ya upole, inayoingia ardhini.