Ukuta Alioupika Kamugisha

Kipimo kililia kwenye mita 21.46, namba ileile ambayo Kamugisha alikuwa ameipika. Si karibu nayo. Yenyewe, mpaka sentimita.

Ilikuwa saa saba mchana, nje kidogo ya Magu, na kwenye kiwanja cha zahanati inayojengwa hapakuwa na mtu ila yeye, kiti cha plastiki na bomba la kisima. Miaka minne tangu apate degree ya petroleum engineering, second upper, picha ya joho ukutani kwa mama yake Bukoba, na gesi yote ya nchi hii haikumhitaji. Sasa anapima maji kwa posho. Bosi wake, Mashimba, alishamwambia ofisini Nyamagana: leta grafu safi, mkataba wa kudumu upo, usipoleta, ma-graduate wamejaa mtaani.

Kazi yenyewe inataka moyo wa kukaa peke yako. Pampu inazimwa, maji yanapanda, unashusha waya wenye kengele, unaandika kina. Mwanzo yanajaza bomba tu. Baadaye yanakuja kutoka pande zote, na mstari wa grafu unanyooka. Ukipinda, ujue upande mmoja hayaji: kuna mwamba, ukuta, na namba zitakuambia uko umbali gani.

Lakini tangu alfajiri hakuna aliyemsemesha. Mama Getruda, jirani wa kiwanja, alipomwita kula ugali, alikaa dakika hamsini kwa sababu tu kuna mtu anamsikiliza. Aliporudi akapika namba za dakika alizokosa, na kwa uvivu akapika na za saa nzima inayofuata. Ili zifanane na kweli akaweka ukuta, mita thelathini.

Na sasa kisima kilikuwa kinamtii.

Akapima mara kadhaa zaidi, akachora upya kwa vipimo halisi. Ukuta upo, ila si mita thelathini tena: mita kumi na tisa. Akapima tena, waya ukapanda na harufu ya nguo zilizolala kwenye beseni siku tatu, na alipopiga hesabu akakuta mita saba, na mita saba kutoka kisimani palikuwa na kitu kimoja tu, kiti chake, ambacho alikiacha kimetazama barabara na sasa kilikuwa kimemgeukia yeye.

Mama Getruda alikuwa amesimama kwenye ua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo mwenzako, mbona hukumleta kula?"

"Niko peke yangu."

"Usiseme hivyo, anasikia," alinong'ona. "Hakuwa na pa kukaa, wewe umempa. Futa ulichoandika, mwanangu, kabla karatasi haijatoka hapa."

Kamugisha alishika kifutio. Mashimba akapiga simu: report kabla ya saa kumi, au basi. Kamugisha aliitazama karatasi, akaipiga picha, akaituma.

Mkataba akapata, na meza, na bima. Kila kisima alichotumwa kupima, grafu ilipinda mapema zaidi, ukuta ukizidi kusogea: mita nne, mita mbili. Huko Misungwi, Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, ilikuja nusu mita. Akasogea pembeni kwenye benchi alilokalia, akaacha nafasi.

"Karibu," alisema kwa sauti ndogo.

Mbao zikalia taratibu, kama zinapokea mtu mzito.